Kemia Changanuzi na Uchunguzi wa Sumu za Mazingira: Mambo ya Msingi kwa Anayeanza Kujifunza

UTANGULIZI

Huenda msomaji wa jarida la lugha akashangaa kukuta humu makala yanayozungumzia kemia. Mshangao huo una haki yake, lakini yafaa usidumu. Kila mara mahakama, baraza la mji au mwalimu wa kijijini anapopokea cheti kutoka maabara, hupokea maneno pamoja na tarakimu. Cheti kitasema kwamba maji "ni salama", kwamba risasi "haikuonekana", kwamba udongo "umo katika kiwango kinachokubalika". Maneno haya yana maana maalumu ndani ya maabara, na yana maana nyingine sokoni na nyumbani. Asiyeijua tofauti ya maana hizo mbili aweza kunywa maji yasiyonyweka akidhani amepewa idhini na sayansi. Aweza pia kumshtaki jirani yake pasipo hoja.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa Kiswahili yale mambo ya msingi ambayo hana budi kujifunza mtu anayetaka kuitumia kemia changanuzi katika kuchunguza sumu zilizomo katika maji, udongo, hewa na miili ya viumbe. Tunachotaka kukionyesha ni kwamba taaluma hii haifundishi uendeshaji wa mashine peke yake. Inafundisha namna ya kuipata tarakimu inayoweza kutetewa mbele ya mpinzani, na namna ya kusema kwa uaminifu uwezo wa tarakimu hiyo unakomea wapi.

Kwa "kemia changanuzi" tuna maana ya tawi la kemia linaloshughulikia maswali mawili: ni kitu gani kilichomo, na ni kiasi gani kilichomo. "Sampuli" ni sehemu ndogo inayochukuliwa ili iwakilishe kitu kizima. "Ukolezi" ni kiasi cha kitu kilichomo ndani ya kipimo fulani cha kitu kingine, mathalani miligramu za floraidi katika lita moja ya maji. "Mmumunyo sanifu" ni mmumunyo ambao ukolezi wake unajulikana tangu mwanzo kwa kuwa umetengenezwa kwa mizani na vyombo vilivyohakikiwa. Istilahi nyingine zitaelezwa kadiri zitakavyojitokeza.

KWA NINI TUNAHITAJI KIPIMO

Katika mtaa wa Owino Uhuru, mjini Mombasa, palikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi. Kilianza kazi mwaka 2007 na kikafungwa mwaka 2014. Wakazi walilalamika juu ya moshi, maji machafu na maradhi ya watoto. Mmoja wa waliokuwa wafanyakazi wa kiwanda hicho, Bi Phyllis Omido, aliongoza juhudi za kudai haki, na mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mnamo Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamua kwamba wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufani, Mahakama ya Juu iliirejesha amri hiyo mnamo Desemba 2024.

Risasi haina harufu wala ladha ya kumwonya anayeinywa. Dalili zake kwa mtoto, kama vile maumivu ya tumbo, upungufu wa damu, na uzito wa kujifunza, zaweza pia kuletwa na minyoo, malaria au lishe duni. Kwa hiyo jicho la mzazi na hata jicho la daktari halitoshi. Kinachoweza kuunganisha moshi wa kiwanda na damu ya mtoto ni kipimo, na kipimo hicho kitapingwa vikali na yeyote ambaye hakimpendezi.

Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2018 ulilinganisha damu ya watoto wa Owino Uhuru na ya watoto wa mtaa mwingine wa Mombasa unaoitwa Bangladesh. Wastani wa risasi katika damu ya watoto wa Owino Uhuru ulikuwa mikrogramu 7.4 kwa desilita moja. Kwa wale wa mtaa wa pili ulikuwa 3.7. Tuangalie jinsi tarakimu ya pili inavyoipa ya kwanza nguvu. Lau tungepewa 7.4 peke yake, angetokea wa kusema kwamba huenda hivyo ndivyo walivyo watoto wote wa mjini, kwani rangi za nyumba na vumbi la barabara navyo vyaweza kuwa na risasi. Watafiti walipopima mahali pawili kwa njia moja, mlango huo wa kutorokea ulifungwa. Hili ni somo la kwanza la mwanafunzi: kipimo kisicho na cha kulinganishwa nacho ni nusu ya kipimo.

UDOGO WA VIASI VINAVYOTAFUTWA

Mababu zetu walipima nafaka kwa kibaba, kisaga na pishi, na mwenye duka aliyepunja punje chache hakuonekana mwizi. Katika uchunguzi wa sumu mambo ni kinyume kabisa. Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba risasi katika maji ya kunywa isizidi mikrogramu 10 kwa lita. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Ili tuone udogo wake, tuchukue gramu moja tu ya risasi, tuiyeyushe, kisha tuigawe katika malori kumi ya maji, kila lori likiwa na lita 10,000. Maji yote ya malori hayo kumi yatakuwa yamefikia kikomo kile.

Kutokana na udogo huu, mkemia wa mazingira hukabiliwa na matatizo mawili. La kwanza ni kukiona kitu kilicho kidogo mno. La pili, ambalo ni gumu zaidi, ni kuwa na hakika kwamba alichokiona kimetoka katika maji ya kisima wala hakikutoka katika chupa, katika vumbi la chumba, au katika mikono yake mwenyewe.

KUCHUKUA SAMPULI

Wanafunzi wengi hudhani kwamba kazi huanza maabarani. La, kazi huanza kisimani na shambani, na kosa lililofanyika huko haliwezi kusahihishwa na mashine yoyote, hata ikiwa ya thamani kubwa namna gani.

Tuchukue mfano wa maji ya bomba. Maji yaliyolala usiku kucha ndani ya bomba lenye risasi hubeba risasi nyingi kuliko maji yaliyoachwa yatiririke kwa dakika kadhaa. Mtu akichukua sampuli alfajiri, na mwenzake akachukua adhuhuri baada ya wapangaji wote kuteka, watapata majibu mawili tofauti, na yote mawili yatakuwa sahihi. Swali ni je, tulitaka kujua nini? Ikiwa tulitaka kujua anachokunywa mtoto anapoamka, basi ni sampuli ya alfajiri inayofaa. Ikiwa tulitaka kujua hali ya maji yanayotoka katika chanzo chenyewe, ni ile ya pili. Uchaguzi wa sampuli ni tafsiri ya swali.

Chupa nayo ina habari zake. Chembe za risasi hupenda kung'ang'ania kuta za chupa, hivyo maji yaliyokaa siku kadhaa huonekana kuwa na risasi pungufu kuliko yalivyokuwa. Ndiyo maana chupa za plastiki huoshwa kwanza kwa asidi, na maji yenyewe hutiwa asidi safi ya naitriki kidogo ili risasi ibaki imeyeyuka. Kila chupa huandikwa mahali, tarehe, saa na jina la aliyechukua, na kila inapopita mkono mmoja kwenda mwingine hutiwa sahihi. Katika kesi, karatasi hiyo ya sahihi huwa na uzito sawa na ile ya majibu.

Udongo una shida nyingine: haulingani. Hatua moja kutoka mahali penye risasi nyingi hupatikana mahali pasipo na risasi yoyote ya kutajwa. Kwa hiyo huchukuliwa vijisehemu vingi, vikachanganywa, vikakaushwa, vikasagwa na kuchungwa; halafu rundo hugawanywa kwa nne, pande mbili zinazotazamana zikatupwa, zilizobaki zikachanganywa tena, mpaka kipatikane kiasi kidogo kinachowakilisha rundo zima. Mwanafunzi ajue pia kwamba shaka inayoletwa na uteuzi wa sampuli haipungui upesi. Anayetaka kuipunguza shaka hiyo iwe nusu, hana budi kuchukua sampuli mara nne.

SAMPULI TUPU NA FUNDISHO LA PATTERSON

Miaka ya 1950, mwanasayansi wa Marekani Clair Patterson alikuwa akipima risasi katika mawe na vimondo ili akadirie umri wa dunia. Majibu yake yalimsumbua kwa muda mrefu, kwa sababu alipata risasi nyingi kuliko inavyowezekana. Hatimaye alitambua kwamba risasi hiyo ilitoka hewani, katika maji aliyotumia, katika vyombo, na hata katika nywele na nguo za watu waliokuwemo. Alijenga maabara iliyosafishwa kupita desturi ya wakati wake, akavisafisha vyombo kwa asidi, akaichuja hewa. Mwaka 1956 alichapisha umri wa dunia kuwa kiasi cha miaka bilioni 4.55, kadirio ambalo halijabadilika sana hadi leo.

Lakini uchafu uliokuwa ukimsumbua ulikuwa habari yenyewe. Patterson alijiuliza risasi yote hiyo imetoka wapi, na uchunguzi wake ukamfikisha kwenye petroli iliyotiwa risasi, ambayo ilikuwa ikitumika tangu miaka ya 1920. Mwaka 1965 alichapisha makala yaliyoeleza kwamba watu wa nchi za viwanda walikuwa wamebeba risasi nyingi kuliko kiasi cha asili. Wengi waliokuwa wakilitetea soko la petroli hiyo walishikilia kwamba risasi mwilini ni jambo la kawaida. Vipimo vyao vilitoka katika maabara zilizochafuka, hivyo kila kitu kilionekana kuwa na risasi, kiwe cha kale au cha sasa. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake; hapa ngozi ilivutwa na vumbi pia.

Mwisho wa habari hii unatuhusu Waafrika. Mwaka 2001 wajumbe wa nchi za Afrika kusini mwa Sahara walikubaliana mjini Dakar kuiondoa petroli yenye risasi, na kufikia Januari 2006 nchi hizo, Kenya ikiwemo, zilikuwa zimeiacha. Agosti 2021, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake makuu Nairobi, lilitangaza kwamba Algeria, nchi ya mwisho duniani kuuza petroli hiyo kwa magari, imekoma kuiuza.

Fundisho la kitaaluma ni la sampuli tupu. Sampuli tupu ni maji safi yanayopitishwa katika hatua zile zile zote zinazopitiwa na sampuli halisi: chupa ile ile, asidi ile ile, saa zile zile, mikono ile ile. Chochote kitakachoonekana ndani yake ni mchango wa maabara wenyewe, na hakina budi kuondolewa katika jibu. Maabara isiyoonyesha matokeo ya sampuli zake tupu inatuomba tuiamini kwa jina lake tu.

JINSI CHOMBO KINAVYOPATA TARAKIMU

Sasa tuingie maabarani. Mwaka 1955 Alan Walsh, aliyekuwa akifanya kazi nchini Australia, alichapisha njia ya kupima metali kwa kutazama mwanga unaofyonzwa na atomu zake. Kanuni yake si ngumu. Atomu za kila elementi hufyonza mwanga wa urefu maalumu wa mawimbi, kama kufuli inavyokubali ufunguo wake tu. Hutumiwa taa iliyotengenezwa kwa risasi yenyewe, ambayo hutoa mwanga ule ule unaofyonzwa na risasi, mathalani wa nanomita 283.3. Mwanga huo hupitishwa katika mwali wa moto. Maji ya sampuli hunyunyizwa katika mwali huo kama ukungu, nayo risasi iliyomo huwa atomu huru. Atomu hizo hula sehemu ya mwanga. Mwanga uliopotea ndio unaotuambia risasi ni nyingi au ni chache.

Hapa yafaa msomaji asimame kidogo. Chombo hakikusema miligramu. Kilichosema ni kwamba mwanga umepungua kiasi fulani. Ili upungufu huo ugeuzwe kuwa ukolezi, hutayarishwa mimumunyo sanifu, tuseme ya miligramu 0, 1, 2, 5 na 10 kwa lita, ikapimwa mmoja baada ya mwingine, na majibu yake yakachorwa katika grafu. Mstari unaopita katika nukta hizo ndio kamusi ya kutafsiria lugha ya mwanga kuwa lugha ya miligramu. Na kama kamusi yoyote, haina maneno yaliyo nje ya kurasa zake. Sampuli ikitoa jibu lililo juu ya mmumunyo sanifu wa mwisho, si halali kuurefusha mstari kwa rula, kwa sababu ukolezi unapozidi mstari huanza kupinda. Hupasa sampuli izimuliwe kwa maji safi na ipimwe upya.

Leo zipo mashine zinazopima metali nyingi kwa mara moja na kwa viasi vidogo zaidi, kwa kuzichambua atomu kwa uzito wake. Dawa za kuua wadudu na kemikali nyingine za kaboni hutenganishwa kwanza kwa kromatografia, yaani kuzipitisha katika njia ndefu ambamo kila moja husafiri kwa mwendo wake. Kanuni hiyo mwanafunzi wa shule ya sekondari aweza kuiona kwa kudondoshea wino kwenye karatasi ya kuchujia na kuuacha maji yaupandishe: rangi zilizochanganyika hutengana machoni pake. Lakini mashine iwe ya zamani au mpya, mimumunyo sanifu na sampuli tupu havikwepeki.

MFANO WA HESABU

Tuseme tumepima gramu 0.50 za udongo mkavu kutoka uwanja wa kuchezea watoto. Tumeuchemsha kwa asidi ya naitriki, tukauchuja, tukaujaza mmumunyo hadi mililita 50. Chombo kimetupa miligramu 4.0 kwa lita. Sampuli tupu imetupa 0.1. Tofauti ni 3.9. Katika mililita 50, yaani lita 0.050, mna risasi miligramu 0.195. Kiasi hicho kimetoka katika gramu 0.50, yaani kilo 0.00050 za udongo. Kwa hiyo udongo una miligramu 390 za risasi kwa kilo.

Mwanafunzi asiyefundishwa vema ataandika 390 na kufunga daftari. Aliyefundishwa atauliza kwanza maswali mawili. Je, njia yangu inaitoa risasi yote? Ili ajibu, hupima udongo rejea, ambao risasi yake imekwisha kuthibitishwa na maabara nyingine, au huongeza kiasi anachokijua cha risasi katika sehemu ya sampuli yake na kuona kama atakipata chote. La pili, nikirudia kazi hii mara kadhaa, majibu yatatawanyika kiasi gani? Hapa ndipo panapotofautishwa usahihi na uthabiti. Usahihi ni kuukaribia ukweli. Uthabiti ni majibu kukaribiana yenyewe kwa yenyewe. Mizani mbovu yaweza kumpunja mnunuzi gramu hamsini zile zile kila siku: ni thabiti, lakini si sahihi.

Tuseme imeonekana kwamba shaka ya njia yetu ni asilimia 10. Jibu kamili ni 390, kuongeza au kutoa 39; yaani ukweli waelekea kuwa kati ya 351 na 429. Kwa miaka mingi idara ya Marekani ya kulinda mazingira ilitumia 400 kuwa kiwango cha kuanzia uchunguzi wa udongo wa makazi. Kwa kiwango hicho, hatuwezi kusema kwamba uwanja wetu umepita wala kwamba umeshindwa; tunachoweza kusema ni kwamba upimwe zaidi. Mnamo Januari 2024 idara hiyo ilikishusha kiwango hicho kuwa 200. Udongo haukubadilika, tarakimu yetu haikubadilika, lakini sasa uwanja umezidi kiwango bila shaka. Ndiyo maana cheti kinachosema "salama" pasipo kutaja tarakimu, shaka yake na kiwango kilichotumika, ni cheti kinachochakaa mara kiwango kinapobadilishwa.

"HAIKUONEKANA" NA "HAKUNA"

Tumefika katika neno lililotufanya tuyaandike makala haya katika jarida la lugha. Kila njia ya kupima ina kikomo cha utambuzi, yaani kiasi kidogo kabisa inachoweza kukitofautisha na ukimya. Kikomo hicho hupatikana kwa kupima sampuli tupu mara nyingi na kuona jinsi majibu yake yanavyotikisika. Aghalabu huchukuliwa kuwa mara tatu ya mtikisiko huo, kwa hesabu ya takwimu. Jibu lililo chini yake huandikwa "haikuonekana".

Tuseme maabara fulani inapima risasi katika maji kwa njia ambayo kikomo chake ni miligramu 0.05 kwa lita. Pendekezo la Shirika la Afya Duniani, mikrogramu 10, ni sawa na miligramu 0.01. Kisima chenye miligramu 0.04 kina risasi mara nne ya kiwango kinachopendekezwa, na maabara hiyo itaandika kwa haki kabisa kwamba risasi haikuonekana. Mkemia hakusema uongo. Lakini chifu atakayekisoma cheti barazani atatangaza kwamba kisima hakina risasi, na akina mama watateka. Mtu aliyebisha hodi kwa kunong'ona hawezi kushuhudia kwamba nyumba haina watu.

Kiswahili kina uwezo wote wa kulitatua jambo hili. Tuna "hakuna", tuna "haimo", tuna "haikuonekana", na tuna "iko chini ya". Pendekezo letu ni kwamba cheti kisiandikwe "haikuonekana" peke yake, bali kiandikwe "chini ya miligramu 0.05 kwa lita", na kando yake kiandikwe kiwango kinacholinganishwa. Msomaji yeyote aliyemaliza shule ya msingi ataona mara moja kwamba 0.05 ni kubwa kuliko 0.01, na kwamba njia iliyotumika haikustahili swali lililoulizwa. Aidha, mwanafunzi achague njia baada ya kukijua kiwango, wala asikitafute kiwango baada ya kuzoea njia.

JINA MOJA, MAUMBO MENGI

Jambo la mwisho la msingi ni kwamba jina la elementi halitoshi. Mwaka 1956 huko Minamata, Japani, yaligunduliwa maradhi ya ajabu ya mishipa ya fahamu miongoni mwa wavuvi na jamaa zao. Chanzo kilikuwa zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda cha kemikali. Serikali ya Japani ilikiri rasmi uhusiano huo mwaka 1968. Zebaki iliyowaua watu wale ilikuwa katika umbo la methili, umbo linaloingia mwilini kwa urahisi na kujilimbikiza katika samaki kwa kadiri mkubwa anavyomla mdogo. Anayepima zebaki yote kwa jumla hupata tarakimu moja inayochanganya maumbo yenye hatari tofauti. Nchini kwetu, wachimbaji wadogo wa dhahabu huko Migori wametumia zebaki kukamatia dhahabu, kwa hiyo mwanafunzi wa Kenya hana sababu ya kuliona jambo hili kuwa la mbali. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, unaitwa kwa jina la Minamata.

Floraidi ni mfano mwingine, nao unatukumbusha kwamba si kila sumu imetoka kiwandani. Katika Bonde la Ufa, maji ya visima vingi hupitia miamba ya volkano na kubeba floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya watoto huingia rangi ya kahawia, na ikizidi kwa miaka mingi mifupa hudhurika. Floraidi hupimwa kwa elektrodi yenye fuwele ya lanthani, iliyovumbuliwa miaka ya 1960. Ukolezi ukiongezeka mara kumi, kipimo cha umeme hubadilika kwa kiasi cha milivolti 59. Lakini elektrodi hiyo huiona floraidi iliyo huru tu. Ikiwa maji yana alumini, sehemu ya floraidi hushikwa nayo na kufichika, na jibu hutoka dogo. Kwa sababu hiyo huongezwa mmumunyo wa kuiachilia floraidi kabla ya kupima. Asiyelijua hilo atawaambia watu kwamba maji yao yana afueni, ilhali meno ya watoto wao yanashuhudia vingine.

HITIMISHO

Kwa anayetaka kujifunza taaluma hii, tunapendekeza mpango ufuatao. Kwanza aijue vema kemia ya kawaida ya mimumunyo, asidi na besi, na ajizoeze kwa mizani, pipeti na bureti mpaka mkono wake uwe mwaminifu. Titresheni iliyorudiwa mara kumi humfunza mtu uthabiti kuliko mhadhara. Pili, ajifunze takwimu, angalau wastani, mtawanyiko na mstari wa grafu. Tatu, atoke nje ya maabara, aende mtoni na jalalani kujifunza kuchukua sampuli. Nne ndipo akutane na mashine. Wengi huanza na hii ya nne, kwa kuwa ndiyo inayong'aa, na hujikuta wakipata tarakimu wasizoweza kuzitetea.

Kwa upande wa walimu wa lugha, iko kazi inayosubiri. Istilahi kama "sampuli tupu", "mmumunyo sanifu", "kikomo cha utambuzi" na "shaka ya kipimo" zinahitaji kukubaliwa, kuelezwa na kuingizwa katika vyeti vinavyotolewa kwa wananchi, ili mkazi wa Owino Uhuru au wa Migori aweze kuusoma mwenyewe ushahidi unaohusu damu ya mtoto wake, na kuuliza maswali yanayostahili kuulizwa: sampuli ilichukuliwa wapi na lini, sampuli tupu ilionyesha nini, kikomo cha njia ni kipi, na kiwango kilichotumika ni cha nani na cha mwaka gani.